Unga wa Waridi

Baba, ni saa nane usiku na friji la maabara linanguruma
kama yule dume uliyemfungia kipupwe kizima.
Nje, Leeuwarden imefunikwa ukungu. Mfereji umeganda juu,
ngozi nyembamba, kama maziwa yaliyochemka yakasahauliwa.
Mbele yangu visahani ishirini na vinne,
kila kimoja kimetandikwa seli za utumbo.
Si utumbo wenyewe. Ni zulia la seli
zilizokubali kuishi juu ya plastiki.

Nusu nimevitilia virusi peke yake.
Nusu, virusi na unga.

Unga huo ungeuona ungecheka.
Una rangi ya waridi lililofifia, kwa ajili ya chuma ulichokikamata,
maana ndiyo tabia yake: hushika, hauachii.
Jina lake laktoferini. Kwao ni maji ya jibini,
yale uliyoyabeba ndoo mbili mbili hadi bandani kwa nguruwe
ukisema, "Makapi hayana mwenyewe."
Sasa yana mwenyewe, baba. Yana hati na mihuri,
na kilo moja ya unga huu
ni ghali kuliko ndama dume unayemuuza Ijumaa.

Kirusi cha tumbo hakina mguu wala bawa.
Ni kimpira chenye vijiba, na ujeuri.
Hakipigi hodi. Kinadaka vinyweleo vya sukari
vilivyoota mlangoni mwa seli, kinajivuta ndani,
kesho yake nyumba imejaa watoto wake na paa limepasuka.
Ila laktoferini ikiwahi, hukaa kizingitini
kama shangazi Sjoukje mlangoni mwa kanisa,
mwili tele, mkoba magotini,
hapiti mtu asiyemjua.
Kirusi kinazunguka, kinazunguka, kinachoka.
Dakta Hoekstra hunikanya: "Wytske, kirusi hakichoki.
Usikipe roho kisichokuwa nayo."
Sawa. Hakichoki. Kinakosa pa kushika.

Unakumbuka Rinse alipokuwa na miezi tisa?
Macho yalididimia, utosi ukabonyea kama kikombe,
akilia bila chozi.
Mama akampa maji ya chumvi na sukari, kijiko, kijiko,
hadi kuku wakaanza kuwika.
Wewe ulikuwa zizini, ng'ombe alikuwa akizaa,
ukaingia na viatu vya mavi, umelowa hadi viwiko,
ukasimama ukimtazama mwanao,
ukasema jambo ambalo Mama hakukusamehe upesi:
"Ndama asiyeonja dang'a siku ya kwanza, usimpe jina."

Nimelibeba neno hilo miaka ishirini na sita.
Nadhani ndilo lililonileta hapa.

Haya, nimehesabu.
Pasipo unga, matundu sitini na moja kwenye zulia.
Penye unga, saba.
Nimehesabu tena, kwa kalamu nyingine, nisijidanganye.
Saba.

Lakini kisahani si mtoto.
Kisahani hakitapiki, hakina nyongo,
hakina ile asidi ya tumbo inayokatakata protini
kama mkasi kwenye uzi.
Wengine husema vipande navyo hupigana,
pengine vikali kuliko kitambaa kizima.
Wengine husema ni vipande tu.
Mimi ni fundi wa maabara; naandika saba, natia tarehe.

Asubuhi nilikupigia. Rinse ndiye aliyepokea,
yuko njiani na lori la maziwa, redio juu.
Kisha ukaja wewe. Nikakueleza yote, pole pole,
vinyweleo, kizingiti, sitini na moja, saba.
Ukanyamaza. Nikasikia mashine ya kukamua ikihema nyuma yako.
Ukauliza:
"Na wale nguruwe wangu, je, waliwahi kuharisha?"

Sijui, baba.
Hakuna aliyewahesabu.