Kengele ya Saa Tatu

Waraka ulitufikia Jumatatu, mhuri umeshakauka,
buluu, mviringo, kama jicho la mtu asiyelala.
Kuanzia wiki ijayo, kengele saa mbili kamili asubuhi.
Chini yake, kwa adabu: Walimu watoe maoni.

Tulikaa kumi na mmoja, makoti mwilini,
chai ikitoa moshi kuliko jiko.
Nje, bonde lote la Naryn limeganda,
na giza la Januari halisomi waraka;
jua letu hupanda mlima kwanza, taratibu, kama mgonjwa,
likagusa madirisha karibu na saa tatu.

Mkurugenzi Toktosun akavua kofia yake ya sufu.
"Semeni," akasema, "mlango u wazi."
Tukautazama mlango.
Ulikuwa umefungwa, kwa sababu ya baridi.

Bubusara, wa hesabu, miaka thelathini ya chaki kifuani,
akaiinua ile karatasi kwenye taa:
"Mkate umeshaokwa, Mkurugenzi.
Sasa unatuuliza chumvi?"

Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie.
Ndiye aliyedandia lori saa kumi alfajiri
kwenda kuomba makaa ya mawe wilayani,
akarudi na tani mbili na kikohozi.
Lakini ufunguo wa ghala aliuvaa shingoni,
na shingo moja si mahali pa kuning'iniza
joto la watoto mia tatu.

Nikamwambia habari za Jyldyz, wa darasa la tatu,
anayevuka mto juu ya barafu:
kalamu yake huiweka kwapani
nusu ya kipindi cha kwanza, ndipo iandike.
"Sijaliona hilo," akasema.
Kisha, polepole: "Kipindi cha kwanza sijakiona miaka tisa."

Jumanne akaja, akaketi dawati la nyuma,
magoti yakimgusa kidevu.
Jumatano akaja tena. Kalamu yake kwapani.
Alhamisi mhuri ukabaki kwenye droo;
akaugeuza waraka upande mweupe,
akauliza, "Nani ana penseli?"

Huku kwetu kondoo hukatwa kwa cheo:
nyonga kwa mkubwa, mbavu kwa wanaofuata,
na aliye karibu na mlango hutafuna alichobakiziwa.
Shauri nalo hukatwa.
Miaka yote tulilipokea limeshapoa, mifupa mitupu,
hatukuwahi kuulizwa nani ashike kisu.
Siku hiyo kisu kilizunguka meza
na, kusema kweli, kilitutetemesha mikono.

Erkinbek alitaka saa mbili, ana basi lake.
Mwingine alitaka tufunge shule hadi Machi.
Tulibishana mpaka birika likakauka,
na Zuura, mpishi, alipokuja kulijaza, akauliza:
"Na uji niupike saa ngapi?"
Kimya.
Sisi tuliolia kwamba hatuulizwi
hatukuwa tumemuuliza.
Akavutiwa kiti.

Ikawa saa tatu.
Ufunguo ukatundikwa kwenye msumari, ukutani,
na chini yake daftari la Bubusara: ndoo, tarehe, jina.

Msidhani tulipigiwa makofi.
Zamu ya jioni sasa hutoka gizani,
na wazazi walikuja wamekunja nyuso.
Zamani tungenyoosha kidole kwenye ofisi ile:
shauri lake, muulizeni yeye.
Kidole kikainuka kwa mazoea,
kikakosa pa kwenda, kikarudi mfukoni.

Februari makaa yaliisha siku nane kabla ya hesabu.
Tulikaa tena, Toktosun kwenye benchi kati yetu,
tukipekua daftari ndoo kwa ndoo,
na majina yetu yote yalikuwemo, la kwake pia.
Aibu ilikuwa nzito, sikatai.
Ila safari hii mzigo
ulikuwa na vishikio kumi na vitatu.