Giza la Kulinganishia

Tulipiga kura kwa kopo la kahawa
katika ofisi ya Njiro, ghorofa ya pili, umeme umekatika:
vikaratasi kumi na viwili, vijiji kumi na viwili.
Aikande akafumba macho, akachota sita.
Sita wapate taa.
Sita tuwatazame tu.

Ndivyo mradi unavyosanifiwa, niliwaambia vijana wa kujitolea,
maana taa ikiwaka na simba asije
utajuaje kuwa ni taa,
si mvua iliyowarudisha pundamilia mbugani,
si mbalamwezi, si sumu ya jirani,
si simba mwenyewe kuchoka?
Lazima pawe na giza la kulinganishia.
Nilisema hivyo. Giza la kulinganishia.
Nikaliandika ubaoni, nikalipigia mstari.

Taa zenyewe ni kitu kidogo:
sola ya ukubwa wa daftari, betri ya pikipiki,
balbu nne zinazokonyeza kwa zamu kuzunguka zizi
kama mtu asiyepata usingizi anayetembea na kurunzi.
Simba hudhani kuna mtu.
Hadi sasa, hudhani.

Kila mwezi nilipita Kisongo, nikaiacha lami mbele ya Makuyuni,
fomu kwenye kishikwambi, vumbi kwenye meno.
Swali la kumi na saba:
katika siku thelathini zilizopita,
mifugo mingapi imeuawa na mnyama wa porini?
Kijiji cha pili, sifuri.
Cha tano, sifuri.
Cha saba, mmoja: fisi, mlango haukufungwa.
Nilizipenda sifuri zile. Nilizipanga kama mayai kwenye trei.

Cha tisa hakikuwa na taa.
Cha tisa alikaa Nemburis, mjane,
na zizi la miiba lililolala upande mmoja.
Wangapi, nikauliza.
"Sambu," akasema. "Narok.
Na yule wa pembe moja, ambaye maziwa yake
yalimnunulia Lemayani sare za shule."
Nikaandika: 3.
Kishikwambi kikalia ti, kushukuru.

"Wewe ndiye mwenye taa?"
Mradi, nikasema. Mradi ndio wenye taa.
"Mbona wa ng'ambo ya korongo mnawawashia, sisi mnatuhesabu?"

Nikamweleza kura. Nikamweleza kopo.
Nikamweleza kwamba bila yeye hatutajua,
na kama hatujui, mwakani hapati mtu yeyote.
Yote kweli. Nikajisikia kama karani wa mochwari.
Nikamtajia hata methali tuliyoibandika juu ya printa:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Akaionja kwa ulimi, kama chumvi ya dukani.
"Yangu imepotea na habari zake zote," akasema.
"Unazo wewe hapo."

Kisha, nikiwa nimeshafunga begi,
akanyoosha mkono kwenye mgunga wa mbali, ambako tai walikuwa bado wanashuka.
Alhamisi usiku morani watano walitoka na mikuki.
Jike.
Chuchu zilikuwa na maziwa.

Nikaifungua tena fomu. Nikapekua juu, nikapekua chini.
Hapakuwa na safu.
Mradi wa kuokoa simba,
viashiria kumi na vinne, mistari ya msingi, malengo ya robo mwaka,
nasi tumehesabu ng'ombe.

Njiro, mijakaranda imemwaga zambarau juu ya gari.
Mfadhili ameandika kwamba amefurahi: hasara imeshuka kwa zaidi ya nusu,
grafu imetoka nzuri, ina rangi mbili.
Aikande anahesabu maboksi stoo, anahesabu upya, ananitazama.
Sisemi kitu. Naongeza safu moja kwenye jedwali, *simba waliouawa*,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo, tanbihi:

Kijiji cha tisa, kuanzia Novemba,
kiondolewe kwenye uchambuzi.
Sababu: kimewashwa.

Vimebaki vitano.
Vitano, kitakwimu, bado vinatosha.