Kamaro ya Baba

Baba alipofika Maskati kutoka Unguja, Kiarabu kilimkwama kooni.
Akanunua Kamaro ya sitini na tisa,
nyekundu, silinda nane, inakunywa mafuta kama ngamia kisimani;
ikawa ndiyo inayomsemea, barabara nzima ya Ruwi.
Bibi alinuna: "Riali zote hizo, umenunua kelele."

Sasa imelala bandani Wadi Kabiri, matairi yamenywea.
Wanunuzi wa Dubai huja na fedha taslimu;
mama huwapa kahawa, bei hataji.

Jana nilitia betri mpya.
Ikakohoa. Ikagoma. Ikakohoa,
halafu ikanguruma, majabali yakaitikia.
Mama akatoka, unga mikononi.
"Izime, Badriya!"
Kisha, taratibu:
"Ngoja. Bado hajamaliza kusema."