Herufi Saba Kutoka, Sita Kuingia

Alikuja na flashi imefungwa kwenye pindo la kanga.
Picha thelathini na mbili, nusu yake ukungu mtupu,
maana Newala ya Agosti, asubuhi,
hata mbuzi wa jirani unamjua kwa kikohozi.
"Fundi, mwanangu anatoka likumbi Jumamosi.
Nataka jina la zamani liondoke,
jipya liingie. Kama sinema."

Nikamfungulia kabati la madoido.
Yamo tayari, kayatengeneza mtu wa mbali
asiyeijua Luchingu wala mtoto wa mtu:
Mvua ya Herufi. Mashine ya Chapa. Kudunda.
Kimbunga. Moshi. Dhahabu Inayometa.
Unaburuta moja, unalidondoshea neno,
na neno linashtuka kama kuku aliyemwagiwa maji.

SIKUJUA, nikaandika.
"Ndivyo alivyosema baba yake," akanieleza,
"aliporudi kutoka mnada wa korosho Tandahimba
akakuta mtoto ana siku tisa.
Sikujua, sikujua.
Nikamwambia, basi, ndilo jina."

Kudunda: S ikaruka, K ikagonga ukingo wa kioo.
Akacheka. Kisha akaacha.
"Hilo halitaniwi."
Kimbunga: jina likajisokota kama shuka inayokamuliwa.
"Utamtia kizunguzungu."
Moshi: "Aa, usimchome."
Dhahabu hata hakuitazama.
Umeme ukakatika mara mbili, chai ikapoa,
mwenye duka la misumari akabisha hodi kuuliza
kama kuna msiba.

Saa kumi na moja nikachukua Mashine ya Chapa,
nikaigeuza irudi nyuma.
A ikatoka. U ikatoka. J ikatoka.
Ikabaki SIKU.
"Simamisha!"
Nikasimamisha.
Akaitazama muda mrefu, kidole karibu na kioo,
midomo ikihesabu kitu, moja mpaka tisa.
"Sasa iache iende. Lakini hapo iende polepole."
Nikavuta muda, fremu kwa fremu,
kazi ambayo hakuna doido linaloijua.
SIK. SI. S.
Halafu weusi, pumzi moja,
na CHANDE akaingia kwa miguu yake,
herufi sita, bila mbwembwe.

Jumamosi runinga iliwekwa juu ya meza, uani,
na kijana mmoja wa mjomba, kwa nia njema,
akabonyeza irudie yenyewe.
Hapo ndipo nilipoharibikiwa.
Kila dakika moja na nusu Sikujua alirudi,
mzima, herufi saba, anaaga upya.
Na jina la zamani ukilitaja baada ya likumbi
unatozwa.
Shangazi Somoe akasimama mbele ya runinga, mkono kiunoni:
"Na wewe toa elfu mbili!"
Uani kote wakaanguka kicheko.
Runinga ikakaa kimya, ikatamka tena kwa maandishi.
Nikailipia mimi. Mara tatu,
kabla mtu hajaipata rimoti chini ya sinia la wali.

Mwenyewe alikaa mkekani, shati jipya lenye mikunjo ya dukani.
Mara ya kwanza bega lilimcheza.
Mara ya pili akajikuna shingo.
Mara ya tatu jina lilipita usoni pake
kama la mtoto wa nyumba nyingine,
akaendelea kuchambua kuku.
Mama yake ndiye aliyegeuka,
kila mara,
lilipofika SIKU.

Jumatatu karudi na flashi ileile, pindo lilelile.
"Umelifuta?"
Nikamwonyesha matabaka, moja juu ya jingine:
Chande juu, picha chini,
na katikati kistari cha kijivu.
"Nimelifumba jicho tu. Halionekani."
"Na ukilifumbua?"
"Litaanza na S."

Akafunga fundo. Akauliza deni ni kiasi gani.
Nikatoa elfu sita za faini kwenye hesabu,
na hakubisha.