Kipande cha Kumi na Tisa

Železný Brod, Januari. Theluji imefika kizingitini.
Zdislava anafuta kioo kwa upindo wa koti:
mwanga ukiingia humu, asema, hupunguza mwendo
kama mgeni avuaye viatu mlangoni.
Kazi yake ni kupima kusita huko.
Ugomvi wote uko kwenye tarakimu ya mwisho.

Babake alikata bilauri miaka thelathini.
Risasi ikamkata yeye,
si ya bunduki, ile ya vumbi,
polepole, kuanzia vidoleni.
Tanuri hili haliionji.

Matěj anakiweka kipande kati ya vichujio viwili
na kipande kinachanua:
zambarau, manjano, kijani cha shingo ya bata.
"Njoo uone uzuri!"
Zdislava hainui kichwa.
"Hicho kilipozwa kwa pupa. Hayo ni maumivu yake.
Pasaka haitakikuta kizima.
Nipe kile cheusi."

Cheusi kilipoa siku ishirini na moja.
Vichujioni hakisemi neno.
Anakiinua dirishani: mtaa mzima wapita ndani yake,
kanisa, lori la chumvi, mwanamke na mbwa,
wala hakuna anayejikwaa.

Cha rangi, nimemwona,
amekitia mfukoni.