Ile I

Mwaka ule mto Weser uliganda hadi kwenye nguzo za kivuko.
Wino nao ukaganda ndani ya pembe yake,
nikawa naupasha kwapani kama kifaranga.
Macho yangu yalikwisha kuanza kuniaga.
Dada Imma, mwenye mafua, ndiye aliyenisomea,
na mimi, Radlinda, binti wa mtengeneza jibini,
nikaandika nilichosikia, au nilichodhani.

Ilikuwa orodha ya majina na maana zake.
Tulipofika kwenye jina la Bikira
Imma akapiga chafya, akasema: stilla maris.
Tone la bahari.
Hivyo ndivyo walivyolifumbua wazee waliojua Kiebrania:
tone moja, la chumvi, basi.

Unyoya wangu ulikuwa umepasuka ncha.
Ile i ikanywa wino kupita kiasi,
ikavimba, ikajikunja, ikafunga tumbo,
na nilipoinua mkono ilikuwa e.
Stella.
Nyota.

Kisu cha kukwangulia kilikuwa mezani, sitaficha.
Kosa la herufi moja hufutwa
kabla maziwa hayajachemka.
Lakini ndama yule aliumwa na nzi enzi za uhai wake,
na kovu lilikuwa papo hapo, chini ya neno,
ngozi nyembamba kama utando wa yai.
Ningekwangua, ningetoboa.
Hicho ndicho nilichomwambia Mama Abesi.
Ni kweli. Si kweli yote.

Kweli iliyobaki inaitwa Fenna,
Mfrisia aliyetuletea chumvi,
ambaye maji ya dhoruba yalimchukulia, kwa usiku mmoja,
nyumba, mbuzi, watoto wawili, na mkwe aliyekuwa akimchukia.
Aliingia kuota moto. Hakujua kusoma.
Akaweka kidole chenye nyufa juu ya wino ambao haujakauka sawasawa:
"Hapa pamesemwa nini?"
Nikamsomea lililoandikwa, si lililosemwa.
Akanyamaza kitambo.
"Kumbe kuna kitu kule juu ya maji."
Ningemwambiaje yeye habari ya tone?
Matone alikuwa nayo.

Tangu siku ile nayatazama majina yake mengine
kama mtu anayehesabu chenji.
Mnara wa pembe: nani kati yetu ameona ndovu?
Mimi naona kitana cha Abesi, meno matatu hayapo.
Sanduku la Agano kwangu linanukia unga wa shayiri,
maana sanduku pekee nililowahi kulifungua ni la jikoni.
Na lango lile la mashariki
ambalo nabii aliliona limefungwa, asipite mtu,
linalia bawaba kama la zizi letu.
Labda ndivyo yanavyozaliwa.
Mtu ana neno asiloweza kulisema,
anapapasa gizani,
anashika kilicho karibu na mkono.

Ila usiku nalililia lile tone, naungama.
Nyota iko mbali, nyota haitoki jasho.
Tone lingeweza kuwa msichana wa Nazareti
anayetoka kisimani na mtungi uliojaa mno,
maji yakimshuka shingoni, akicheka kwa baridi,
kabla mtu yeyote hajamwita chochote
zaidi ya jina aliloitwa na mama yake.

Imma alikufa kabla ya Pentekoste.
Kitabu kikaazimwa na wamonaki wa juu mtoni,
wakakinakili vizuri, kwa unyoya mzima,
kovu la ndama halikuwahusu.
Juzi kijana wao mmoja amepita hapa kanisani,
sauti kama kengele mpya,
akamwimbia Nyota ya Bahari,
na watu wote, hadi mchunga nguruwe, wakaitikia.
Fenna alikuwa mlangoni na gunia lake.

Nikaitikia nami.
Nina kikohozi, sauti yangu ni mbovu,
hakuna aliyenisikia
nikiitia mahali pake
ile i.