Udongo Ulitangulia

Tulifika Malindi tukaikuta bahari ya kahawia.
Muema akasimama ufukweni, boya shingoni,
akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwaga chai humo.
"Baba, ulisema buluu."
Nilisema. Tena nilimwonyesha picha,
niliyoipiga mwenyewe, mwezi wa Januari,
nilipokuja kwenye harusi ya watu.

Muuza miwani akatueleza bila kuulizwa:
ni Sabaki huyo, mvua imenyesha bara,
mto unashuka na udongo wa watu.
Watu gani? akauliza Syokau.
Wa huko mnakotoka.

Tukatazamana.
Nyuma ya studio yangu unapita Mto Athi
na povu la viwanda, na kingo zinazomeguka;
unabadilisha jina njiani kama mtu mwenye madeni,
Athi, Galana, Sabaki,
na hapa ndipo unapokamatwa.
Sisi tulikata tiketi nne, tukakesha ndani ya basi.
Shamba la jirani lilitangulia, bure.

"Si utairekebisha," akasema Syokau,
aiskrimu ya Mtaliano ikimtiririka hadi kwenye kiwiko.
Nitairekebisha. Ndiyo kazi.
Miaka kumi na minne nawaambia watu
inua kidevu, funga mdomo, pasipoti haitaki meno;
kisha usiku nawafuta chunusi,
nawapa maharusi ngozi ambayo mama zao hawakuwapa.

Siku ya tatu tukaenda Ganda, kwenye minazi.
Kwetu mtu akisikia nchi ya mvinyo
hufikiria mizabibu, na glasi zenye mguu mmoja.
Hapa mvinyo unaning'inia hewani:
vibuyu juu, nyuki juu, na Thoya juu,
nyayo kwenye vipandio alivyochonga babake,
kotama mkononi,
akikata panda kwa wembamba wa ukucha,
asubuhi na jioni. Mnazi haujui Jumapili.

Nikainua kamera. Mwanga ulikuwa wa kuiba.
"Ngoja!" Sauti ikaanguka kutoka makutini.
"Nishuke nivae shati."
Nikamsihi: hivyo hivyo, bwana, ndio uzuri wenyewe.
Akashuka polepole, kama anayeteremka ngazi za benki,
akaingia ndani, akakaa.
Jua nalo likaingia wingu.
Akatoka na shati la mikono mirefu, vifungo vyote hadi kooni,
nywele zimelowa,
akasimama wima, akafunga mdomo.
"Nne," akasema. "Ndogo. Za kadi ya ushirika.
Ile ya zamani jasho limenifuta uso."

Basi Kadzo, mkewe, akatoa shuka jeupe kitandani,
Syokau na Nthenya wakalishika nyuma yake, huku na huku.
Kuku akapita. Tukamngoja.
Inua kidevu, nikasema.
Alikuwa ameshakiinua.

Kisha akatumiminia tembo, tamu, la asubuhi ile,
na nyuki mmoja ndani;
Muema akapewa dafu, akanuna kidogo.
Nikalisifu. Nikalisifu tena.
Ndipo Thoya akacheka, meno yote nje,
kamera yangu imo mkobani:
"Usinisifu sana, bwana. Unajua wanavyotusema wagema."
Najua. Maji.
Nikaikumbuka bahari,
na kidole changu kinavyojua njia ya kuifikia ile buluu.

Nimerudi studio. Bahari nimeiacha ilivyo.
Si kwa wema: niliijaribu buluu,
ikatoka kama ukuta wa zahanati.
Za Thoya nimezichapa nne, karatasi ya kung'aa,
na mkasi ulipofika pembeni mwa shuka
nikaviona vidole vya Nthenya vimekunja kitambaa,
kucha zina udongo,
na upande wa pili pete ya mama yake.

Kadi haitaki vidole. Nikakata zote nne.
Kisha nikachapa ya tano
nikaiacha na kingo zake.